Namirembe: Historia ya kanisa kuu na makaburi yake

Juu ya kilima cha Namirembe, magharibi mwa kitovu cha jiji la Kampala, limesimama Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, kongwe kuliko makanisa makuu yote ya Kianglikana nchini Uganda. Kuba lake huonekana kutoka mbali, na kuta zake za matofali mekundu zimepita umri wa miaka mia moja. Kando yake yapo makaburi ambayo kila msomaji wa historia ya Uganda hana budi kuyafahamu: la askofu aliyeuawa Busoga, la fundi aliyefia kusini mwa ziwa, la mfasiri aliyepigwa risasi, la daktari na mkewe muuguzi. Mwaka 1977 palichimbwa pia kaburi ambalo mwenyewe hakuletwa.

Makaburi hayo husimulia habari za watu waliojulikana. Lakini nyuma ya kila jina lililochongwa kwenye jiwe wapo wengine waliobeba mizigo, waliofundisha kusoma, waliotafsiri na waliokufa pamoja na hao, na wengi wao walisema Kiswahili. Makala haya yanaeleza historia ya kanisa hilo na makaburi yake, pamoja na sehemu ya historia hiyo isiyoandikwa kwenye mawe.

Kilima na majirani zake

Jina Namirembe linatokana na neno la Kiganda mirembe, lenye maana ya amani. Kilima hiki kinatazamana na Mengo, lilipo jumba la Kabaka wa Buganda. Jirani yake ni Rubaga, makao ya kanisa kuu la Wakatoliki. Kasubi, yaliko makaburi ya Makabaka, haiko mbali. Na Kibuli, wenye msikiti wake mashuhuri, uko upande wa pili wa jiji. Mpangilio huo wa vilima na dini zake ni matokeo ya historia ya karne ya 19.

Uislamu ndio uliotangulia, ukiletwa na wafanyabiashara kutoka Pwani na Zanzibar waliofika katika baraza la Kabaka miaka mingi kabla ya Mzungu wa kwanza. Wamishonari wa Kianglikana walifika mbele ya Kabaka Mutesa wa Kwanza tarehe 30 Juni 1877, na mapadri wa Kikatoliki wakawafuata mwaka 1879. Mutesa alipofariki mwaka 1884, mwanawe Mwanga alirithi kiti akiwa bado kijana, naye akakikuta kimezungukwa na makundi ya wasomaji wa dini tatu. Kuanzia mwaka 1888 makundi hayo yalipigana vita vya kuwania madaraka, Mwanga akapinduliwa kisha akarudi. Alipokwisha kurudi mjini mwaka 1890, Waprotestanti walianza kujenga Namirembe.

Makanisa matano

Kanisa tunaloliona leo ni la tano. La kwanza, la miti na matete, lilijengwa mwaka 1890 na mara likawa dogo mno kwa umati wa watu waliotaka kusikiliza na kujifunza kusoma. La pili, kubwa zaidi, lilikamilika mwaka 1892. Lilisimama kwa nguzo za miti iliyokatwa msituni na kubebwa mabegani hadi kileleni, likaezekwa kwa nyasi. Mwaka 1894 dhoruba ililivunja paa lake, na la tatu likajengwa mahali pake.

La nne lilikuwa jambo jipya: kanisa la matofali. Waumini wenyewe, wanaume kwa wanawake, machifu kwa watu wa kawaida, walibeba udongo na matofali kupanda mlima. Askofu Alfred Tucker aliliweka wakfu mwaka 1904. Lakini kuta za matofali zilibeba paa la nyasi, na tarehe 23 Septemba 1910 radi ililipiga paa hilo. Moto uliwaka, na kazi ya miaka mingi ikateketea kwa muda mfupi.

Kanisa la tano lilijengwa kati ya mwaka 1915 na 1919, kwa mchoro wa msanifu Mwingereza Beresford Pite. Safari hii paa lilikuwa la vigae, na juu ya makutano ya njia za ndani likawekwa kuba. Ujenzi wake uliangukia katika miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakati vijana wengi wa Uganda walipochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi katika vita vya Tanganyika. Waliobaki walichanga fedha na nguvu. Kengele peke yake haikutosha kuwaita watu: kwa miaka mingi ngoma kubwa za Namirembe ndizo zilizotangaza saa ya ibada, na sauti yake ilifika vilima vya jirani.

Kanisa hilo limeshuhudia pia mambo ya ufalme. Hapo ndipo Kabaka Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alipofunga ndoa na Sylvia Nagginda tarehe 27 Agosti 1999.

Kaburi la Askofu Hannington

Kaburi lililoanza kuifanya Namirembe kuwa mahali pa kumbukumbu ni la James Hannington. Alizaliwa mwaka 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, kusini mwa Uingereza. Kabla ya kuja Afrika alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la hapo kijijini. Mwaka 1882 alifika hadi kusini mwa Ziwa Viktoria, akaugua vibaya, akalazimika kurudi kwao. Mwezi Juni 1884 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ya Ikweta, dayosisi iliyotandaa kutoka Mombasa hadi Buganda, na mwezi Januari 1885 aliwasili Mombasa.

Njia iliyozoeleka ya kwenda Buganda ilipita Bagamoyo au Saadani, Unyamwezi, kisha kuvuka ziwa kutoka kusini. Ilikuwa ndefu na iliua watu wengi kwa homa. Hannington aliamua kupita njia fupi ya kaskazini, katika nchi ya Wamaasai, na kuingia Buganda kutoka mashariki kupitia Busoga. Kwa upande wa afya uamuzi huo ulikuwa na busara. Kwa upande wa siasa ulikuwa wa hatari kubwa. Ilikuwapo imani katika Buganda kwamba watakaoiteka nchi watatoka mashariki, na mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wakijitwalia ardhi pwani, na manowari zao zilikuwa zimetia nanga Zanzibar kumtisha Sultani. Habari hizo zilimfikia Mwanga. Kwake yeye, Mzungu mkubwa anayekuja na msafara kupitia mlango wa nyuma hakuwa mgeni wa kawaida.

Tarehe 21 Oktoba 1885 Hannington alikamatwa katika nchi ya Luba, chifu wa Busoga, akafungiwa kibandani kwa siku nane. Wajumbe walipeleka habari kwa Mwanga na kurudi na amri. Tarehe 29 Oktoba aliuawa. Shajara yake, aliyoiandika hadi siku hiyo ya mwisho, iliokolewa, na mwaka 1888 ikachapishwa kitabuni.

Mifupa yake ilipata safari yake yenyewe. Ilipelekwa kwanza Mumias, magharibi mwa Kenya ya leo, ikazikwa huko. Baadaye Askofu Tucker aliifanyia mpango ipelekwe Mengo, na tarehe 31 Desemba 1892 ilizikwa Namirembe. Masimulizi ya wakati ule yanasema Mwanga mwenyewe, aliyetoa amri ya kuuawa kwake, alikuwapo mazishini.

Mwanga naye hakufia nyumbani. Waingereza walimkamata mwaka 1899 na kumpeleka uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa, akaitwa Danieri, na huko alifariki mwaka 1903. Mwili wake ulirudishwa mwaka 1910, mwaka uleule kanisa la nne lilipoungua, ukazikwa Kasubi pamoja na wazee wake. Leo mtu aliyeamuru na mtu aliyeuawa wamelala katika vilima viwili vya jiji moja. Nako Busoga, Joseph Hannington, mwana wa askofu, alikuja kuwa mmishonari, akambatiza mmoja wa wana wa Luba.

Waliokufa pamoja naye

Hannington hakufa peke yake. Alipofika kwa Sundu, karibu na Mumias, alikuwa amegawanya msafara wake. Sehemu kubwa aliiacha hapo chini ya William Jones, akaendelea na wapagazi wapatao 50. Hao nao walikamatwa. Takriban wote waliuawa kwa mikuki, na wanne tu ndio waliookoka na kurudi kueleza yaliyotokea.

Walikuwa watu wa aina gani? Walikuwa wapagazi walioandikwa pwani, Mombasa na vitongoji vyake, pamoja na wakazi wa vituo vya misheni vya Rabai na Frere Town. Vituo hivyo vilikaliwa na watu wengi waliowahi kuwa watumwa, au waliozaliwa na watumwa, wakakombolewa katika majahazi. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Walibeba vyakula, mahema, vitambaa vya kulipia ushuru njiani, na vitabu. Kila mmoja alikuwa na mama, mke au mtoto aliyekuwa akimngojea. Wengi wao historia haikuwahifadhia hata jina.

William Jones mwenyewe ni mtu anayestahili kukumbukwa. Alitekwa utotoni akauzwa utumwani, akaokolewa baharini na kupelekwa India, alikosomeshwa pamoja na Waafrika wengine waliokuja kuitwa Waafrika wa Bombay. Aliporudi alikuwa mwalimu na mhunzi wa roho katika vituo vya pwani. Mwezi Mei 1885 Hannington alimpa daraja la ushemasi pamoja na Ishmael Semler, na hao wawili wakawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa eneo hili kupewa daraja hilo katika kanisa la Kianglikana.

Habari za mauaji zilipomfikia, Jones alingoja kwa wiki kadhaa akitumaini kwamba si kweli. Kisha akaurudisha msafara pwani. Tarehe 4 Februari 1886 uliingia Rabai ukiwa mbele na bendera ya buluu yenye neno moja la Kiebrania kwa herufi nyeupe: Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Wanawake wa Rabai walikimbilia njiani kuwatafuta waume zao katika msafara. Wengi hawakuwaona.

Kiswahili kilivyotangulia

Kwa msemaji wa Kiswahili anayeishi Uganda leo, historia ya Namirembe ina fundisho jingine. Katika mji wa Kampala lugha hii kwa muda mrefu imehesabiwa kuwa lugha ya kambi za jeshi. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa, mwana wa Mwanga, aliandika kupinga kufanywa kwake kuwa lugha rasmi, na baadaye askari wa serikali za mabavu wakakipa Kiswahili sifa mbaya masikioni mwa raia. Lakini miaka mingi kabla ya hayo, Kiswahili kilikuwa lugha ya kitabu katika baraza la Kabaka.

Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alipoondoka Buganda, alimwacha kwa Mutesa kijana aliyeitwa Dallington Maftaa, mwanafunzi wa misheni ya Vyuo Vikuu huko Zanzibar, ambaye pia alikuwa amekombolewa utumwani. Maftaa alimsomea Kabaka habari za Biblia kwa Kiswahili na kumwandikia barua zake. Mwaka 1876 alimwandikia Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, kabla ya mmishonari yeyote wa Ulaya kufika, kijana huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa Ukristo Buganda.

Wamishonari walipofika hawakujua Kiganda. Walizungumza na baraza kwa Kiswahili, na vitabu walivyofundishia vilikuwa sehemu za Biblia alizozitafsiri Steere. Wasomaji wa kwanza wa Buganda walijifunza kusoma kwa lugha ya Pwani ndipo wakaanza kusoma kwa lugha yao. Henry Wright Duta Kitakule, Mganda aliyekuja kuwa mmoja wa nguzo za tafsiri ya Biblia ya Kiganda, alibatizwa Zanzibar. Alama za safari hiyo zimebaki katika Kiganda hadi leo: kitabo, kalaamu, musalaba, Enjiri. Mzungumzaji wa Kiswahili akiingia Namirembe wakati wa ibada ya Kiganda ataokota maneno hayo bila kufundishwa.

Mackay, Pilkington na akina Cook

Alexander Mackay, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1849, alikuwa mhandisi. Kabla ya kufika Buganda alifyeka njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Alipofika mwishoni mwa mwaka 1878 alifua vyuma, akajenga, na kuchapa karatasi za kusomea kwa mashine aliyoiendesha kwa mkono. Watu walizipigania karatasi hizo. Alibaki Buganda katika miaka ya mateso: tarehe 31 Januari 1885 wanafunzi watatu wa misheni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa Busega, si mbali na Namirembe, na tarehe 3 Juni 1886 wengine wengi, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Mackay alifukuzwa mwaka 1887, akaenda Usambiro kusini mwa ziwa, na huko alifariki kwa homa mwezi Februari 1890. Mwaka 1927, misheni ilipotimiza miaka 50, mabaki yake yaliletwa Namirembe.

George Pilkington, mzaliwa wa Dublin, alifika pamoja na Tucker mwezi Desemba 1890. Alikuwa na kipaji kikubwa cha lugha. Pamoja na Duta na Waganda wengine aliikamilisha Biblia nzima ya Kiganda katika miaka michache tu. Mwezi Desemba 1897 aliuawa kwa risasi mbele ya ngome ya Luba, wakati wa maasi ya askari wa Kisudani, katika nchi ileile alikouawa Hannington. Baadaye aliletwa kuzikwa Namirembe.

Mwaka huohuo wa 1897 alifika daktari Albert Cook. Katika msafara wake alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, waliyeoana mwaka 1900. Hospitali waliyoianzisha Mengo, chini ya kilima, ingali inatibu watu. Katharine aliongoza mafunzo ya wakunga wa Kiganda, kazi iliyookoa maisha ya akina mama na watoto wengi. Alifariki mwaka 1938, na mumewe mwaka 1951. Wote wawili wamelala Namirembe.

Kaburi lililokuwa tupu

Ukurasa mzito kuliko yote uliandikwa mwaka 1977. Janani Luwum, Mwacholi wa Mucwini katika wilaya ya Kitgum, alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire tangu mwaka 1974, na makazi yake yalikuwa Namirembe. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari wa serikali ya Idi Amin waliivamia nyumba yake, wakaipekua wakidai kutafuta silaha. Maaskofu walimwandikia Amin barua ya malalamiko. Tarehe 16 Februari waliitwa katika hoteli ya Nile Mansions, wakasimamishwa juani mbele ya askari na silaha zilizodaiwa kukamatwa. Wengine waliruhusiwa kuondoka. Luwum alizuiliwa.

Siku iliyofuata redio ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Ni wachache walioamini.

Namirembe palichimbwa kaburi, karibu na lile la Hannington. Lakini serikali haikuutoa mwili. Ulipelekwa Mucwini katika jeneza lililofungwa, chini ya ulinzi wa askari, uzikwe haraka. Wanakijiji walilifungua jeneza hilo na kuona majeraha ya risasi. Hivyo ukweli ambao Kampala haikuruhusiwa kuuona ulishuhudiwa kijijini.

Jumapili, tarehe 20 Februari, maelfu ya watu walipanda Namirembe ingawa ibada ya mazishi ilikuwa imepigwa marufuku. Baada ya sala walitoka nje na kulizunguka kaburi lililokuwa wazi. Erica Sabiti, Askofu Mkuu mstaafu na Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho Uganda, aliwakumbusha waombolezaji maneno ya malaika kwa wanawake waliofika kaburini kwa Yesu: aliyetafutwa hakuwamo. Umati uliimba. Katika mji ambamo watu walikuwa wakitoweka na ndugu zao wakiogopa hata kuuliza walipo, kusimama hadharani kando ya shimo lile kulikuwa ushahidi ambao serikali haikuweza kuufuta.

Kumbukumbu leo

Tarehe 16 Februari sasa ni siku ya mapumziko ya kitaifa nchini Uganda. Sanamu ya Luwum ni miongoni mwa sanamu kumi za mashahidi wa karne ya 20 zilizowekwa mwaka 1998 juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey jijini London. Kaburi lake halisi liko Mucwini, na mahujaji huenda huko. Vilevile Kyando, katika wilaya ya Mayuge, alikouawa Hannington, pamekuwa mahali pa hija.

Kiswahili nacho kimerudi kwa mlango mwingine. Kilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mjadala kuhusu nafasi yake unaendelea, na mara nyingi husemwa kana kwamba ni lugha ya kigeni iliyoletwa juzi. Historia ya kilima hiki inaonyesha kwamba ilikuwapo tangu siku ya kwanza, mdomoni mwa mwalimu Maftaa na mabegani mwa wapagazi wa Rabai.

Katika kalenda ya Kanisa la Episkopali la Marekani, tarehe 29 Oktoba ni siku ya kumkumbuka James Hannington na wenzake. Anayetembelea makaburi ya Namirembe atalikuta la askofu. Wenzake walibaki Busoga, bila kaburi linalojulikana. Mtu akisimama mbele ya jiwe hilo, na awakumbuke pia.